Vipokezi vya prostaglandini katika figo: kwa nini dawa ya maumivu huwa hatari mwili unapokauka

Katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, na katika vijiji vya wilaya ya Tororo, vidonge vya kutuliza maumivu hupatikana kwa urahisi kama sabuni na chumvi. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kwa ajili ya mgongo, magoti, meno, hedhi na homa. Mtu mzima mwenye afya, anayekunywa maji ya kutosha, akimeza dozi chache kwa siku mbili au tatu kwa kawaida figo zake hazipati madhara. Vidonge hivyo hivyo, vikimezwa na mgonjwa wa malaria aliyetapika usiku kucha au mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu, vinaweza kusimamisha kazi ya figo ndani ya siku chache.

Tofauti hiyo inatokana na vipokezi vidogo vilivyotawanyika katika mishipa na mirija ya figo. Vipokezi hivyo husubiri ujumbe wa kemikali ziitwazo prostaglandini. Makala haya yanaeleza vipokezi hivyo vinakaa wapi, vinafanya nini, na kwa nini kazi yake inawahusu kwa namna ya pekee wakazi wa maeneo yenye malaria nyingi.

Kazi ya figo kwa ufupi

Binadamu ana figo mbili, na kila moja ina wastani wa nefroni milioni moja. Nefroni ndiyo kiwanda kidogo kabisa cha figo. Mwanzoni mwake kuna chujio, yaani kishada cha vijishipa vyembamba vya damu, na baada ya chujio hufuata mrija mrefu unaopinda na kushuka hadi kiini cha figo, kisha hupanda tena na kumwaga maji yake katika mrija wa kukusanyia mkojo.

Figo ni ndogo kwa umbo, lakini hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Machujio ya mtu mzima hutenga takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Karibu yote hurudishwa katika damu na mirija, na mtu hutoa lita moja hadi mbili tu za mkojo. Kazi hiyo ya kurudisha maji, chumvi na madini kwa kipimo sahihi inahitaji maelekezo yasiyokoma. Mengine hutoka mbali, kama homoni ya vasopresini inayotoka chini ya ubongo na kuiamuru figo ibane maji. Mengine hutengenezwa ndani ya figo zenyewe, na prostaglandini ni miongoni mwa hayo.

Mjumbe asiyesafiri mbali

Homoni kamili hutengenezwa katika tezi, huingia katika damu na kusafiri hadi kiungo cha mbali. Prostaglandini hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila haziendi mbali. Chembe huzitengeneza pale pale zinapohitajika, zikatoa ujumbe kwa chembe jirani, kisha zikavunjwa upesi. Kwa sababu hiyo wanasayansi huziita kemikali zinazofanana na homoni.

Jina lenyewe lilitokana na kosa la kale. Mwaka 1935, mtafiti wa Sweden, Ulf von Euler, aliipa jina hilo kemikali iliyopatikana katika shahawa, kwa kudhani kwamba chanzo chake ni tezi ya kiume ya prosteti. Baadaye ilithibitika kwamba karibu kila tishu ya mwili hutengeneza prostaglandini, kwa wanaume na kwa wanawake. Mwaka 1971, Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia kutengenezwa kwa kemikali hizo. Ugunduzi huo ulieleza jinsi kidonge kimoja kinavyoweza kupunguza homa, maumivu na uvimbe kwa pamoja. Vane alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982, pamoja na Wasweden Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Prostaglandini hutokana na mafuta yaliyo katika kuta za chembe. Kimeng'enya kiitwacho saiklooksijenesi, kinachoandikwa kwa kifupi COX, ndicho kinachoanzisha utengenezaji huo. Kipo cha aina mbili kuu, COX-1 na COX-2. Katika viungo vingi COX-2 huonekana hasa penye jeraha au uvimbe. Figo ni miongoni mwa viungo vichache ambavyo aina zote mbili zipo kazini hata mtu akiwa mzima kabisa. Jambo hilo lina uzito: dawa inayolenga COX-2 peke yake, ambayo hutajwa kuwa na nafuu kwa tumbo, haina nafuu ya namna hiyo kwa figo.

Kipokezi ni nini

Kipokezi ni protini iliyopenyezwa katika ukuta wa chembe. Sehemu yake moja iko nje, ambako hukutana na mjumbe, na sehemu nyingine iko ndani, ambako huamsha kazi. Mjumbe asipokuta kipokezi kinachomfaa hupita bila kufanya lolote. Kwa hiyo, kujua mahali vipokezi vilipo ni sawa na kujua mahali amri itakapotekelezwa.

Vipokezi vya prostaglandini na jamaa zake vilitambuliwa kimoja baada ya kingine, hasa katika miaka ya 1990. Prostaglandini iliyo nyingi zaidi katika figo huitwa E2, na ina vipokezi vinne: EP1, EP2, EP3 na EP4. Prostasaiklini, jamaa yake anayetanua mishipa, hutumia kipokezi cha IP. Prostaglandini F2 hutumia FP. Thromboksani, ambayo kinyume chake hubana mishipa, hutumia TP.

Kuwapo kwa vipokezi vinne vya mjumbe mmoja kunaeleza jambo ambalo lingeonekana kama mgongano. E2 ikikutana na EP2 au EP4, huongeza ndani ya chembe kemikali ya ujumbe iitwayo AMP ya mzunguko, na misuli ya mshipa hulegea. Ikikutana na EP3, kemikali hiyo hiyo hupungua. Ikikutana na EP1, kiwango cha kalisi ndani ya chembe hupanda. Mjumbe ni yule yule, lakini matokeo hutegemea mlango aliobisha.

Vipokezi vimetawanyika namna gani

Sehemu kubwa ya ramani hii imetokana na uchunguzi wa figo za panya na sungura, na sehemu nyingine ya figo za binadamu. Picha yake kuu ni hii.

Katika chujio na katika kijishipa kinachoingiza damu humo, kuna EP4 na IP kwa wingi. Kazi yake ni kulegeza mshipa ili damu iendelee kuingia. Vipokezi vya TP navyo vipo katika eneo hilo, na huvuta upande wa pili kwa kuubana mshipa.

Karibu na mlango wa chujio kuna chembe zinazotoa renini, kemikali inayoanzisha mfumo wa kupandisha shinikizo la damu. Chembe hizo zina vipokezi vya EP4 na IP. Chembe jirani zinapohisi kwamba chumvi inayopita katika mrija imepungua, COX-2 iliyo ndani yake hutengeneza E2, na E2 huziamuru chembe za renini zifungue ghala.

Katika sehemu nene ya mrija inayopanda kutoka kiini cha figo, na katika mrija wa kukusanyia mkojo, kipo kipokezi cha EP3. Katika mrija huo wa kukusanyia kipo pia EP1. Kwa pamoja huzuia mrija usirudishe chumvi nyingi kupita kiasi, na hupunguza nguvu ya vasopresini. Vipokezi vya FP hupatikana katika sehemu za mwisho za mrija, navyo husaidia kupima chumvi na maji.

Katika kiini cha figo, ambako damu na oksijeni huwa haba hata siku za kawaida, E2 hutanua vijishipa vilivyonyooka vinavyolisha eneo hilo. Bila msaada huo, chembe za mirija ya kiini hukosa oksijeni kabla ya nyingine.

Kwa muhtasari, vipokezi hivi vina kazi tatu. Hulinda njia ya damu, husaidia kutolewa kwa renini, na huzuia mwili usijaze chumvi na maji kuliko unavyohitaji. Dawa inayozuia prostaglandini hugusa kazi zote tatu kwa wakati mmoja.

Lango la kuingia na lango la kutoka

Chujio la figo lina jambo lisilo la kawaida: damu huingia kwa kijishipa kimoja na kutoka kwa kijishipa kingine, na vyote viwili vinaweza kubanwa au kulegezwa. Anayeijua yadi ya malori ya Malaba ataelewa upesi. Yadi ikiwa na lango la kuingilia na lango la kutokea, idadi ya malori yaliyo ndani hutegemea malango yote mawili. Lango la kuingia likifunguliwa na la kutoka likibanwa, yadi hujaa. Lango la kuingia likibanwa na la kutoka likiachwa wazi, yadi hubaki tupu.

Katika figo, kinachohitajika ndani ya chujio ni shinikizo, kwa kuwa shinikizo ndilo linalosukuma maji yapite. Lango la kuingia huachwa wazi kwa msaada wa prostaglandini kupitia EP4 na IP. Lango la kutoka hubanwa na angiotensini, kemikali inayozalishwa baada ya renini kutolewa.

Mtu akiwa mzima na mwenye maji ya kutosha mwilini, figo hazitegemei sana prostaglandini. Damu ni nyingi, shinikizo linatosha, na malango hayana kazi ngumu. Ndiyo maana wengi humeza ibuprofeni bila kuona tatizo lolote, na ndiyo maana onyo la daktari huonekana kama la kutia chumvi.

Hali hubadilika mwili unapokauka. Mtu akitapika, akiharisha, akipoteza damu au akitoka jasho kwa muda mrefu bila kunywa, mwili hubana mishipa yake ili kulinda ubongo na moyo. Mshipa unaoingiza damu katika chujio nao hupokea amri ya kujibana. Hapo ndipo figo hujitetea: hutengeneza prostaglandini kwa wingi, vipokezi vya EP4 na IP huitikia, na lango la kuingia hubaki wazi licha ya amri inayotoka nje. Ulinzi huo huanza kazi wakati wa shida, na dawa ya maumivu huuondoa wakati huo huo wa shida.

Dawa inapomzuia mjumbe

Diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni, indometasini, piroksikami na meloksikami ni za kundi moja: dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo za steroidi. Aspirini pia ni ya ukoo huo. Zote huzuia COX. Haziharibu vipokezi. Vipokezi hubaki mahali pake, lakini mjumbe hafiki.

Matokeo yake hufuata ramani iliyoelezwa hapo juu. Njia ya damu ikikosa ulinzi, uchujaji hushuka na taka kama kreatinini hurundikana katika damu. EP3 na EP1 zisipopata ujumbe, mirija hurudisha chumvi na maji zaidi, miguu ikavimba na shinikizo la damu likapanda. Chembe za renini zisipoamshwa, potasiamu hushindwa kutoka ipasavyo, na potasiamu nyingi katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mara nyingi madhara hayo hurekebika dawa ikisimamishwa mapema na mgonjwa akirudishiwa maji. Yakiendelea, chembe za mirija hufa kwa kukosa oksijeni, na kupona huchukua wiki au kusikamilike. Matumizi ya miaka mingi yanaweza pia kuacha makovu katika kiini cha figo bila mgonjwa kusikia maumivu yoyote, kwa kuwa figo zinazoharibika polepole hazina desturi ya kuuma.

Parasetamoli, inayojulikana na wengi kwa jina la Panadol, haiko katika kundi hili. Hupunguza homa na maumivu, lakini katika dozi sahihi haizuii kwa nguvu prostaglandini za figo. Ikizidishwa hudhuru ini, kwa hiyo nayo ina mpaka wake: kwa mtu mzima, isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Wenye uzito mdogo, wenye ugonjwa wa ini na wanaotumia pombe kwa wingi huhitaji kipimo kidogo zaidi.

Malaria ya Tororo na Busia

Maelezo haya yana uzito wa pekee katika ukanda huu. Tororo imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makubwa ya malaria yaliyowahi kupimwa. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, watafiti waliokamata na kuchunguza mbu katika eneo la Nagongera walikadiria kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Unyunyiziaji wa dawa katika kuta za nyumba, ulioanza wilayani humo mwishoni mwa mwaka 2014, ulishusha maambukizi kwa kiasi kikubwa, lakini ugonjwa ulirudi kupanda baada ya mwaka 2020. Kwa upande wa Kenya, kaunti ya Busia imo katika ukanda wa Ziwa, ambao ndio wenye malaria nyingi kuliko maeneo mengine ya nchi hiyo.

Malaria kali hushambulia figo kwa njia kadhaa. Chembe nyekundu zenye vimelea hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu. Chembe zinazopasuka humwaga hemoglobini, ambayo hudhuru mirija ya figo. Homa, kutapika na kushindwa kunywa hukausha mwili. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeuweka uharibifu wa figo miongoni mwa vigezo vya malaria kali, pale kreatinini inapozidi maikromoli 265 kwa lita.

Tafiti zilizofanywa kwa watoto wenye malaria kali katika hospitali za Mulago na Jinja zimeonyesha kwamba figo kuathirika ghafla ni jambo la kawaida kwa watoto hao, na kwamba walioathirika hukabiliwa zaidi na hatari ya kifo. Waliopona nao walionekana kuwa katika hatari zaidi ya kubaki na matatizo ya figo na ya uwezo wa kujifunza. Katika mashariki mwa Uganda, madaktari wa Mbale na Soroti wameripoti pia watoto wengi wanaougua homa huku mkojo wao ukiwa mweusi, dalili ya chembe nyekundu kupasuka kwa wingi.

Mtoto au mtu mzima wa namna hiyo ana figo zinazotegemea prostaglandini kwa kila tone la damu linaloingia. Akipewa sharubati ya ibuprofeni au sindano ya diklofenaki ili joto lishuke, joto linaweza kushuka kweli na jamaa wakapata matumaini, huku njia ya damu ya figo ikijifunga. Kwa homa inayoshukiwa kuwa malaria, dawa ya kushusha joto iliyo salama zaidi kwa figo ni parasetamoli, na tiba yenyewe ni dawa ya malaria baada ya kupimwa.

Wengine wanaopaswa kuwa waangalifu

Wenye shinikizo la damu. Enalaprili, kaptoprili na losatani hufanya kazi kwa kudhoofisha angiotensini, yaani hulegeza lango la kutoka. Kwa wengi, na hasa wenye kisukari, dawa hizo huzilinda figo. Furosemidi na hidroklorothiazidi hutoa maji na chumvi mwilini. Mgonjwa anayetumia makundi yote mawili akiongeza diklofenaki, lango la kuingia hubanwa, la kutoka hubaki wazi, na damu yenyewe imepungua. Shinikizo ndani ya chujio huporomoka. Madaktari huuhesabu mseto huo wa dawa tatu kuwa wa hatari, na wazee ndio walio karibu nao zaidi, kwa sababu hao hao ndio wenye shinikizo la damu na ndio wenye magoti yanayouma. Kinachopaswa kuachwa katika mseto huo ni dawa ya maumivu. Dawa za shinikizo zisikatishwe bila ushauri wa mtaalamu.

Wajawazito. Figo za mtoto aliye tumboni huzihitaji prostaglandini ili kukua na kutoa mkojo, na mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka. Oktoba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa za kundi hili zikitumika kuanzia takriban wiki ya 20 ya ujauzito zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji hayo. Aspirini ya dozi ndogo, ambayo baadhi ya wajawazito huandikiwa ili kuzuia kifafa cha mimba, ni suala tofauti na huamuliwa na daktari.

Wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Utafiti wa kitaifa nchini Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa walikuwa na kinasaba cha ugonjwa huo, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kiini cha figo cha mgonjwa wa selimundu hupata damu kwa shida tangu utotoni, ilhali maumivu yake makali humfanya ahitaji dawa mara kwa mara. Dawa za kundi hili hazikatazwi kwake moja kwa moja, lakini zitolewe kwa uangalizi na kwa maji ya kutosha.

Wanaofanya kazi juani. Waendesha bodaboda, ambao jina la kazi yao husemwa kwamba lilizaliwa hapa hapa mpakani, pamoja na wapagazi, wakulima wa miwa na wachimbaji wa mchanga, hutoka jasho kutwa na kurudi nyumbani na maumivu ya mgongo. Kunywa maji kwanza, kupumzika, kisha kutumia parasetamoli ni utaratibu ulio salama kuliko kumeza diklofenaki kila jioni.

Ununuzi wa dawa mpakani

Kidonge kilichonunuliwa Busia ya Kenya huweza kumezwa Busia ya Uganda saa hiyo hiyo, na bidhaa moja huweza kuuzwa kwa majina mawili ya biashara. Hatari mojawapo ni mtu kumeza diklofenaki kwa jina moja na ibuprofeni kwa jina jingine, akidhani kwamba ni dawa mbili tofauti zinazosaidiana. Kilicho muhimu ni jina la kemikali linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Baadhi ya mchanganyiko unaouzwa kwa mafua na maumivu ya mwili una diklofenaki au ibuprofeni pamoja na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Vidonge vinavyopimwa kwa mkono na kufungwa katika karatasi bila jina havimwezeshi mnunuzi kujua anachomeza.

Kazi ya kusimamia maduka ya dawa ni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, kwa Uganda, na ya Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Duka lenye leseni hutakiwa kuibandika mahali inapoonekana.

Dalili na hatua za kuchukua

Figo zinapoathirika ghafla, dalili ya kwanza mara nyingi ni mkojo kupungua. Mtu mzima aliyekaa nusu siku bila kukojoa, au mtoto mdogo ambaye nepi au nguo zake zimebaki kavu kwa saa sita au zaidi, anahitaji kupimwa siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ni mkojo wenye rangi ya chai isiyo na maziwa, uso au miguu kuvimba, kichefuchefu kisichokoma, usingizi usio wa kawaida na kupumua kwa shida.

Hatua ya awali ni kuacha dawa ya maumivu ya kundi lililotajwa, kumpa mgonjwa maji au maji ya chumvi na sukari ikiwa anaweza kunywa na hajavimba, na kumpeleka kwenye kituo cha afya. Wahudumu waambiwe kila dawa aliyomeza katika wiki iliyotangulia, zikiwamo za mitishamba, na ikiwezekana paketi zenyewe zibebwe. Kipimo cha kreatinini katika damu, pamoja na kipimo cha mkojo, ndicho kinachoonyesha hali ya figo. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari anashauriwa kuomba vipimo hivyo angalau mara moja kwa mwaka hata kama hana dalili.

Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimesimama kabisa, tiba inayobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, huduma inayopatikana katika hospitali chache na ambayo kwa familia nyingi ina maana ya safari ndefu na gharama kubwa. Prostaglandini na vipokezi vyake hufanya kazi ya kuchelewesha hatua hiyo bila malipo. Kuviacha vifanye kazi kunadai mambo matatu mtu anapougua: kunywa maji, kupima malaria kabla ya kutibu homa, na kumuuliza muuza dawa, kabla ya kulipa, kama kidonge hicho ni cha kundi la diklofenaki na ibuprofeni.